Paka Mgeni na Chumba Chake cha Kwanza



Mnamo miezi michache iliyopita jamaa watatu wametujia, mmoja mlangoni mwa msikiti na wawili kwa simu, na swali lao lilikuwa moja. Wamechukua paka katika makao ya wanyama kwa ajili ya watoto, paka amejificha siku ya pili au ya tatu hataki kutoka, chakula hagusi, watoto wanalia, na mama wa nyumba ameshaanza kusema arudishwe alikotoka. Wamekuja kwetu, si kwa kuwa sisi ni mafundi wa wanyama, bali kwa kuwa hapana asiyejua katika jumuiya yetu hii ya Leicester kisa cha paka wetu, na jinsi tulivyoonekana usiku wa manane, na umri wetu huu, tumeinama na kurunzi chini ya magari ya watu. Mhariri ametutaka tuyaandike. Tumeona kama ni kuandika, basi tuandike yote, na makosa yetu yawemo.

Sisi tuliokulia Unguja, na wenzetu wa Lamu na Mombasa vivyo hivyo, hatukupata kusikia kwamba paka huzoeshwa nyumba. Paka wa kwetu alikuwa wa mtaa. Asubuhi yuko sokoni Darajani akingoja matumbo ya samaki, adhuhuri amelala barazani, usiku yuko juu ya paa, na mwenye kumtupia kichwa cha changu ndiye bwana wake kwa siku hiyo. Akitaka kuzaa, huzaa ndani ya kapu la nguo la nyumba aipendayo yeye, na wenye nyumba hawaulizwi. Lamu ndio wamezidi: paka wa pale, wembamba wenye miguu mirefu, wamekuwa mashuhuri hata watalii huwapiga picha. Huko paka ndiye mwenyeji, nasi ni kama wapangaji wake.

Huku mambo yamegeuka. Mtu akitaka paka hujaza fomu, akaulizwa watoto wake wana umri gani, barabara iko umbali gani, na nani anabaki nyumbani mchana. Yapo mashirika makongwe, kama RSPCA lililoanzishwa mwaka 1824 na Cats Protection la mwaka 1927, na yapo makao madogo madogo yanayoendeshwa na watu wa kujitolea. Paka atokaye huko aghalabu ameshachanjwa, ameshafanyiwa upasuaji wa kumzuia asizae, na ameshatiwa chini ya ngozi chipu ndogo mfano wa punje ya mchele, yenye nambari yake. Tangu tarehe 10 Juni 2024 sheria ya England imewalazimu wenye paka wawatie chipu hiyo kabla hawajafikia wiki 20, na asiyetii baada ya kupewa siku 21 anaweza kutozwa faini hadi pauni 500.

Kuna pesa pia zinazolipwa, na hapo baadhi ya ndugu zetu husita, kwa kuwa imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza thamani ya paka. Wanachuoni wengi, akiwemo Imamu Nawawi katika sherehe yake, wameliona katazo hilo kuwa ni la paka asiye na manufaa, au ni la kuchukiza na si la kuharamisha, ili watu wazoee kupeana paka kwa hiba. Wengine wameishika hadithi kwa dhahiri yake. Isitoshe, pesa ya makao aghalabu si bei bali ni mchango wa chanjo na matibabu. Mwenye shaka na amuulize shekhe wake. Sisi tuliuliza, tukalipa.

Paka wetu tulimchukua Jumamosi, tarehe 28 Oktoba 2023. Alikuwa jike wa miaka mitatu, wa kijivu mwenye michirizi, ambaye mwenyewe alikuwa bibi mmoja wa Kiingereza aliyefariki. Tulimwita Nunda, kwa mzaha, kwa jina la yule paka wa hadithi za bibi zetu aliyeanza kula wanyama wa Sultani Majinuni na akaishia kula watu. Msomaji ataona punde jinsi jina hilo lilivyokuwa halimfai.

Sababu ya kumchukua ilikuwa mjukuu wetu. Mtoto huyu, mwenye miaka tisa wakati huo, alilelewa Unguja na bibi yake mzaa baba, na alikuwa amekuja Leicester mwaka uliotangulia kuishi na mama yake, binti yetu, ambaye anafanya kazi ya usiku hospitali. Tangu kuja kwake alikuwa mtoto wa maneno machache. Shuleni alijibu ndiyo na hapana. Nyumbani hakujibu zaidi ya hayo. Kitu kimoja tu alichopata kukiulizia ni paka wa barazani kwao, nani anawapa chakula.

Basi siku hiyo tulimpokea Nunda kama tulivyozoea kumpokea mgeni. Jamaa wa nyumba ya pili walikuja kumwona, na watoto wao. Udi ulifukizwa. Tundu lake la kubebea tuliliweka katikati ya ukumbi, watoto saba wakalizunguka, tukafungua mlango, tukasema karibu. Paka alitoka kama mshale, akapita kati ya miguu ya watu, akaingia jikoni, akajipenyeza nyuma ya mashine ya kufulia, na hapo akabaki siku mbili. Blanketi lake alilokuja nalo, ambalo lilikuwa na nywele na harufu ya makao, tulilifua jioni ile ile kwa kutaka usafi, kumbe tumefua kitu pekee ndani ya nyumba nzima alichokuwa anakijua.

Hapa inafaa tueleze jambo ambalo lau tungelijua mapema, tungeliepukana na mengi. Mbwa humfuata mtu, lakini paka ameumbwa kushikamana na mahali. Ana tezi za harufu mashavuni, kipajini na nyayoni, na kila anapojisugua kwenye mguu wa kiti au pembe ya mlango huwa anaacha alama yake. Sisi hatuisikii harufu hiyo, lakini kwake ni kama maandishi ukutani yanayosema: hapa ni kwetu, hapa pana salama. Anapoletwa nyumba ngeni hukuta kuta zote hazina andiko hata moja analoweza kulisoma. Haoni kuwa amealikwa. Anaona ametupwa. Nyumba ikiwa kubwa hofu yake nayo huwa kubwa, kwa sababu ana mengi ya kuchunguza na hajui adui atatokea mlango upi.

Kwa ajili hiyo paka mgeni hapewi nyumba. Hupewa chumba.

Muuguzi mmoja wa daktari wa wanyama ndiye aliyetufundisha, kwa simu, siku ya pili, tulipomweleza kwamba paka hajala. Alituonya pia kwamba kwa paka, kutokula si jambo la kungojewa. Binadamu anaweza kufunga. Paka akikaa siku mbili tatu bila chakula, hasa akiwa mnene, mafuta ya mwili huanza kujaa katika ini na anaweza kufa. Asiyekula kabisa kwa siku mbili apelekwe kwa daktari, asiachiwe njaa imfundishe adabu.

Chumba alichopewa Nunda kilikuwa cha mjukuu wetu mwenyewe, kile kidogo cha nyuma. Yeye ndiye aliyekitoa, hatukumwomba. Tulifungua mlango wa jikoni uelekeao ngazi, tukafunga milango mingine yote, tukazima taa na tukaondoka, na usiku akapanda mwenyewe kufuata kipande cha samaki wa kopo. Tukafunga mlango nyuma yake. Ndani tulikuwa tumepanga kama tulivyoelekezwa. Boksi la kadibodi limelazwa ubavu na shuka kuukuu ndani yake, maana paka mwenye pa kujificha hutoka upesi kuliko asiye na pa kujificha. Kumziba mashimo yote ili aonekane ni kumzidishia khofu. Besheni la mchanga wa choo liko pembe moja, chakula kiko pembe nyingine, mbali, kwani paka hapendi kula karibu na choo chake, naye ni mnyama safi kuliko tunavyomdhania. Maji nayo yametengwa na chakula. Kiti kimesogezwa dirishani apate kutazama nje. Pana gogo la kukwaruzia makucha, lililofungwa kamba ya katani, ambalo usipomwekea basi kochi lako ndilo litakuwa gogo.

Udi ukapigwa marufuku katika ghorofa ile. Jambo hili lilileta maneno, na wasomaji wenye nyumba za Kizanzibari wataelewa kwa nini. Lakini pua ya paka ni kali mno, na moshi wa udi au ubani unafuta katika chumba harufu yake mwenyewe anayojaribu kuiandika. Kadhalika dawa za kuulia vijidudu. Zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa maji aghalabu zina dawa ambayo ni sumu kwa paka, naye huilamba kutoka nyayoni. Maji ya moto na sabuni yanatosha.

Kisha huachwa. Hiyo ndiyo kazi ngumu kupita zote. Huingii kumtoa chini ya kitanda, humkamati, humpakati. Unaingia, unakaa chini, unafanya shughuli yako, unatoka. Usimkodolee macho, kwani macho makavu kwa paka ni vitisho. Ukimtazama, fumba macho polepole na uyafumbue. Tulipoambiwa hivi tulicheka, lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walilichunguza jambo hili na kuchapisha matokeo yao mwaka 2020: paka aliyefumbiwa macho polepole alikuwa akijibu kwa kufumba yake, na alikuwa tayari zaidi kumsogelea mtu, hata asiyemjua.

Mjukuu wetu alikuwa anakaribia mwisho wa Juzuu Amma katika chuo cha Kurani, na kila jioni alitakiwa kudurusi. Akachukua juzuu yake, akaketi sakafuni na mgongo kwenye kitanda, akasoma. Usiku wa kwanza na wa pili hapakuonekana hata sharubu. Usiku wa tatu pua ilichomoza. Bakuli la chakula likawa linakutwa tupu asubuhi. Usiku wa tano wa chumba kile, Nunda alitoka, akazunguka kwa kuambaa ukuta, akanusa juzuu, akajisugua shavu kwenye goti la mtoto, akarudi zake chini ya kitanda. Mtoto hakunyoosha mkono. Alisoma mpaka mwisho wa sura, ndipo akaja chini kutwambia, na sauti yake ilikuwa juu kuliko tulivyopata kuisikia.

Lipo jambo jingine tulilolisikia, na hatukukusudiwa kulisikia. Akimaliza kusoma alikuwa anazungumza na paka. Tulipita mlangoni tukamsikia akimweleza, kwa Kiswahili, kwamba yuko mvulana darasani anayemwigiza anavyosema, na wengine hucheka, na kwamba wakati wa chakula yeye hukaa karibu na mlango ili awe wa kwanza kutoka. Mwaka mzima mama yake alimwuliza habari za shule naye akasema nzuri. Binti yetu alikwenda shuleni wiki hiyo hiyo, bila kumwambia mtoto amejuaje.

Tukielewa haya, msomaji ataweza kupima kosa letu la Jumapili, tarehe 5 Novemba.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulijiona tumesubiri zaidi ya hapo. Paka amekuwa nasi siku nane, anakula, anajisugua, sasa kwa nini asishuke akaenee nyumbani kama watu? Siku hiyo, mjukuu wetu akiwa chuoni, tulimfungulia mlango wa chumba. Akashuka ngazi kwa ngazi. Tulifurahi. Jioni tulikwenda kusali Isha, na tuliporudi tukafungua mlango wa mbele kama tunavyoufungua kila siku. Wakati huo huo, nyumba ya tatu, watu waliwasha fataki. Tarehe 5 Novemba ni usiku wa fataki nchi nzima, na hapa Leicester, ambapo Diwali ni sherehe kubwa nayo mwaka ule iliangukia tarehe 12, milio hiyo huendelea wiki mbili. Tuliishi mjini hapa miaka mingi na kulijua hilo. Tuliona kitu cha kijivu kimepita mguuni petu. Tulipogeuka, njia ilikuwa tupu.

Mjukuu wetu hakutulaumu, na ingekuwa afadhali angetulaumu. Alivaa viatu akatoka.

Paka aliyepotea akiwa bado mgeni aghalabu haendi mbali. Hajui njia, kwa hiyo hukimbilia ufa wa kwanza anaouona, na hapo hunyamaza kimya hata umpitie kwa hatua mbili na kumwita. Kwa hiyo hutafutwa karibu kwanza, nyumba tano huku na tano kule: chini ya magari, vibandani, chini ya mbao za bustani, na hasa ndani ya magereji na vibanda vilivyofunguliwa na kufungwa siku hiyo. Hutafutwa usiku na kurunzi, kwa sababu macho yake hung'aa mwangani. Huulizwa majirani wafungue milango yao na watazame wenyewe. Kuwaambia tu watupigie wakimwona hakutoshi. Daktari wa wanyama hupewa habari, na wenye daftari la chipu kadhalika.

Tulipopiga simu kwa wenye daftari, iligunduliwa kwamba chipu ya Nunda bado ilikuwa na jina na anwani ya marehemu. Fomu ya kubadilisha tulikuwa nayo sisi, imo ndani ya mtoto wa meza, haijajazwa. Chipu bila ya anwani sahihi ni sawa na barua isiyo na jina. Tulibadilisha usiku ule ule.

Sasa ni haki tumtaje bibi yake, mama wa nyumba hii. Huyu tangu mwanzo alikubali paka kwa shingo upande, na hoja yake ilikuwa tohara. Tulimsomea hadithi ya Abu Qatada, aliyepokewa katika Muwatta ya Imamu Malik na kwingineko: mkaza mwanawe Kabsha alimtilia maji ya kutawadhia, paka akaja kunywa, naye akamwinamishia chombo mpaka akanywa, kisha akamweleza kwamba Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, naye ni katika wanaotuzungukia majumbani. Bibi yao alijibu kwamba hadithi anaijua kabla yetu, ila hadithi haikusema lolote kuhusu besheni la choo ghorofani kwake. Na kweli, choo na mkojo wa paka ni najisi, hilo halina mjadala, na katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, hata nywele zake zilizopukutika zina hukumu hiyo, ila kidogo chake husamehewa kwa uzito wa kujiepusha nacho. Wenyewe tulimaliza kwa msala kukunjwa na kuwekwa kabatini baada ya kila sala, na besheni kusafishwa kila siku. Kazi hiyo ya besheni ni yetu mpaka leo. Kama yuko mja mzito ndani ya nyumba, yeye asiliguse, au avae glovu na anawe, kwa ajili ya ugonjwa wa toksoplazma unaoweza kumdhuru mtoto tumboni. Na kusafisha kila siku kunasaidia pia, kwani vijidudu hivyo huchukua siku moja au zaidi nje ya mwili wa paka kabla ya kuweza kuambukiza.

Basi bibi huyu, siku nne mfululizo, kila ikifika saa tano ya usiku, fataki zikinyamaza, alivaa koti juu ya kanga zake, akaketi kwenye kizingiti cha nyuma na kopo la dagaa, akaita pusi, pusi, kwa sauti ile ile waliyokuwa wakiitiwa paka wa Malindi alipokuwa msichana. Hakuna aliyemwomba.

Alhamisi tarehe 9, baada ya adhuhuri, simu ililia. Alikuwa jirani yetu wa upande wa nyuma, mama wa Kihindi aliyezaliwa Kampala na akaja nchi hii akiwa binti mdogo mwaka 1972, pale Idi Amin alipowafukuza Waasia. Kiswahili chake ni kile cha madukani huko Uganda, na tangu tuhamie hapa hatukusemezana naye kwa lugha nyingine. "Mwalimu, kuja upesi," alisema. "Ile paka yako iko kwa gereji yangu, nyuma ya sanduku ya taa." Alikuwa amefungua gereji kutoa taa za Diwali. Mara ya mwisho aliifungua Jumapili jioni.

Mjukuu wetu ndiye aliyeingia. Alituomba sote, na mwenye gereji, tukae nje. Akaweka tundu la kubebea sakafuni, wazi, na ndani yake shuka ya boksi ambayo safari hii hakuna aliyethubutu kuifua. Kisha akaketi juu ya saruji, akaanza kusoma juzuu. Baridi ilikuwa kali, na jirani yetu alimletea mto na chai ya tangawizi, akavisukuma kwa ufa wa mlango. Ilichukua saa nzima na ushee. Alipotoka alikuwa amelibeba tundu kwa mikono miwili, limefungwa.

Daktari alimpima ini na figo, akasema amekonda lakini atapona, kwa sababu paa la gereji lilikuwa linavuja na maji ya kunywa aliyapata. Alishauri tuanze upya tangu siku ya kwanza. Chumba kile kile, boksi lile lile. Safari hii hatukuhesabu siku; tulimhesabu yeye. Alipoanza kula mbele ya watu, kulala wazi juu ya kitanda, na kuinua mkia tukiingia, ndipo tulipomfungulia ngazi, nusu saa kwanza, na mlango wa chumba chake ukabaki wazi nyuma yake apate pa kukimbilia. Tulisugua mashavu yake kwa kitambaa laini na kukipitisha kwenye miguu ya viti vya ukumbi, ili akishuka akute ameshatangulia kufika. Nje hakutoka mpaka katikati ya Desemba, zaidi ya wiki tatu nne zinazoshauriwa, na siku ya kwanza tulimtoa mchana, kabla ya kula, ili njaa imrudishe.

Jirani mmoja Mwingereza alituambia dawa ya zamani ya paka asipotee ni kumpaka siagi nyayoni. Imani hiyo ni kongwe kwao, nasi tuliisikiliza kwa heshima, ila siagi tuliitia kwenye mkate.

Yaliyobaki tuyataje kwa haraka. Mabaki ya pilau na mchuzi asipewe, kwa sababu kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu damu yake. Maziwa huwaharisha paka wengi wakubwa. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua. Maua ya lili, ambayo watu hupelekeana harusini na hospitalini, ni sumu ya figo zake, hata unga wake ukimwangukia manyoyani akaulamba. Yasiingie nyumbani kabisa. Vilevile maji ya gari ya kuzuia kuganda, ambayo yakimwagika ndani ya gereji yafutwe yote. Mwenye kipato kidogo anayepokea baadhi ya misaada ya serikali anaweza kuuliza PDSA, lililoanzishwa mwaka 1917 kutibu wanyama wa watu wasio na uwezo. Na msimchukue paka Oktoba kama sisi, wala wiki chache kabla ya safari ya nyumbani ya kiangazi. Hajakaa mwezi, mnamwachia mtu mwingine funguo, naye anaanza tena kutosoma kuta.

Kwa wale jamaa watatu waliotuuliza: mmoja amemrudisha, na hatumlaumu, kwa kuwa nyumba yake ina watu tisa na haina chumba cha kufungwa. Wawili wametupigia kusema paka ametoka chini ya kitanda, mmoja siku ya sita, mwingine siku ya kumi na tisa.

Mjukuu wetu sasa yuko shule ya sekondari na maneno yake yametosha, mengine yamezidi. Nunda hulala mchana juu ya rundo la karatasi za jarida hili zikingoja kukunjwa. Msomaji atakayekuta katika nakala yake alama ya unyayo pembeni mwa ukurasa atuwie radhi. Mashine ya kunakili imeutoa vizuri kuliko maandishi.